Max Looff: Nahodha aliyeficha manowari ya mita 115 kwenye mikoko ya Rufiji, picha za kijivu zikamuumbua

Ukitoka Kibiti ukashuka na boti mpaka Salale, unachokutana nacho ni mikoko, matope na mikondo ya maji inayofanana mpaka mgeni anapotea. Ndani ya huo msitu, mwaka 1914, Mjerumani mmoja aliingiza manowari nzima na kuificha kwa miezi kadhaa.

Jina lake Max Looff. Alizaliwa 1874 Strasbourg, mji ambao sasa ni wa Ufaransa lakini enzi hizo ulikuwa chini ya Ujerumani. Juni 1914 aliingia Dar es Salaam akiwa nahodha wa SMS Königsberg, meli ya mizinga mikubwa 10. Wenyeji hawakuhangaika na jina gumu la Kijerumani. Waliona mabomba matatu ya moshi, wakaiita Manowari ya Bomba Tatu.

Vita Kuu ilipoanza, Looff hakukaa bandarini. Alfajiri ya Septemba 20, 1914 aliivamia Zanzibar na kuizamisha HMS Pegasus ya Uingereza, iliyokuwa imetia nanga ikifanyiwa matengenezo. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa. Baada ya hapo mambo yakamgeukia: mitambo ya meli yake ikagoma, na Waingereza walikuwa wanamsaka pwani nzima.

Akakimbilia delta ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wameshaipima mikondo yake, wakati ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa inaweza kupita mle. Vipande vya boila vikavutwa nchi kavu na wapagazi Waafrika mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikavutwa tena kurudi. Ni kazi ya kutisha. Huku nyuma, mabaharia walikata matawi na kuyafunga kwenye milingoti ili meli ifanane na msitu.

Oktoba 30 Waingereza waliiona milingoti kwa mbali wakiwa baharini. Wakaziba mlango mmoja wa mto kwa kuzamisha meli ya makaa ya mawe, lakini hawakuweza kumfikia. Wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, H. D. Cutler. Akaruka, akaiona Königsberg, akarudi kusema. Hawakumwamini, kwa sababu ramani yao ilisema meli haiwezi kufika pale. Ikabidi afisa wa jeshi la majini apande naye ndege akaangalie mwenyewe.

Macho peke yake hayakutosha, ilihitajika picha. Ikapatikana Aprili 1915, pale rubani John Cull aliporuka juu ya delta na kamera. Ndege yenyewe haikuweza kupanda juu sana kwa sababu joto la pwani lilikuwa linamaliza nguvu ya injini, na huku Wajerumani wanamfyatulia risasi. Alirudi na picha.

Sasa, Looff alificha meli kwa kijani ndani ya kijani. Kamera ya wakati ule haikujua kijani ni nini. Kioo kilichopakwa dawa kilipokea kiasi cha mwanga tu, kikatoa ngazi za kijivu kutoka nyeusi mpaka nyeupe. Maji yanang'aa, majani mabichi yanatoka meusi, matawi yaliyokatwa yananyauka na kubadilika, na meli ina mistari iliyonyooka ambayo mikoko haina. Tofauti hizo ndogo za kijivu ndizo zilizombana Looff.

Na hapa ndipo vijana wa droni, kamera za usiku na CCTV wanapokosea mpaka leo. Kamera ya kijivu inatoa namba moja tu kwa kila pikseli. Ukiihifadhi video yake kama RGB, unaandika namba ileile mara tatu: faili linavimba, taarifa haiongezeki hata chembe. Kama kamera inatoa biti 12, kila pikseli ina ngazi 4,096. Ukiibana kwenye biti 8 zinabaki 256, na kile kivuli hafifu kinaweza kupotea hapo hapo.

Kwa kazi ya uchunguzi, FFmpeg ina fomati za gray, gray10le na gray12le, na kodeki kama FFV1 inatunza kila ngazi bila kupoteza kitu. Kwa kurusha WhatsApp, yuv420p inatosha. Inabeba rangi tupu isiyo na kazi, lakini simu nyingi zinaifungua, wakati H.264 ya kijivu tupu inazigomea baadhi. Angalia na masafa ya mwanga: video nyingi hutumia 16 mpaka 235 badala ya 0 mpaka 255. Programu ikiyasoma vibaya, nyeusi zinazama au picha nzima inapauka. Cull hakuwa na menyu ya kuchagua yote haya.

Turudi kwa Looff. Juni 1915 zikafika Severn na Mersey, meli bapa zinazoweza kuelea kwenye maji machache. Julai 6 zilifyatua zaidi ya makombora 600, ndege zikielekeza kwa redio, na Königsberg haikufa. Ilijibu, tena Mersey ikaumia.

Julai 11 zikarudi. Ndege ya Cull na mwenzake Arnold ikapigwa, lakini wakati inashuka Arnold aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha mpaka ikagonga maji. Wote wawili waliokolewa. Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru meli ilipuliwe kwa vichwa vya torpedo.

Mizinga yote 10 iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kwenda kupigana nchi kavu. Looff naye akawa kamanda wa nchi kavu, akipishana mara kwa mara na mkuu wake, Paul von Lettow-Vorbeck. Novemba 1917, kusini mwa Tanzania ya sasa, Lettow-Vorbeck alivuka kwenda Msumbiji. Looff alibaki nyuma na wagonjwa na majeruhi, akatekwa. Machi 1919 alikuwa Berlin kwenye gwaride na mabaharia wake wachache waliobaki. Baadaye aliandika vitabu kuhusu safari hiyo, na alifariki mwaka 1954.

Mmoja wa mizinga yake upo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine upo Pretoria. Mabaki ya meli yalikatwa vyuma chakavu miaka ya 1960, yaliyosalia yakamezwa na matope ya Rufiji.