Askofu Patrick Manogue: Mchungaji Aliyeshika Sururu

Tunapomkumbuka Askofu Patrick Manogue, tunamkumbuka mtu aliyelijua vumbi la machimboni kabla ya kuikaribia Altare. Alizaliwa nchini Ireland mwaka 1831, akahamia Marekani akiwa kijana, na huko California akachimba dhahabu katika kijiji cha Moore's Flat. Wenzake wengi walitafuta utajiri. Yeye aliuwaza upadre. Hatimaye alikwenda Seminari ya Saint-Sulpice mjini Paris, akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1861.

Mwaka uliofuata alianza utume wake Virginia City, Nevada, mji uliochipuka mlimani kwa ajili ya madini ya fedha na dhahabu. Wachimbaji walifia chini ya ardhi, wakiacha wajane na yatima. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, tendo lake kubwa si jengo lolote, bali ni kuwaalika Masista Mabinti wa Upendo, waliofika mwaka 1864 wakafungua shule na makao ya yatima. Moto wa Oktoba 1875 uliliteketeza kanisa lake, likajengwa upya.

Mwaka 1884 akawa Askofu wa Grass Valley, nao pia mji wa dhahabu, na mwaka 1886 Askofu wa kwanza wa Sacramento, alikojenga Kanisa Kuu la Sakramenti Takatifu. Alifariki dunia mwaka 1895.

Moore's Flat leo ni mahame. Virginia City imebaki na wakazi wachache, lakini Kanisa la Mtakatifu Maria Milimani lingali limesimama.