Meinertzhagen: Jasusi aliyejiandikia historia

Na Mwandishi Wetu, Nyabibuye

NYABIBUYE iko katika nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma, jirani na mpaka wa Burundi. Ni eneo lililokuwa chini ya Wilaya ya Kibondo kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Kakonko mwaka 2012.

Mwaka 1916, nyanda hizi zilijikuta ndani ya vita ya Wazungu. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia katika koloni la Wajerumani kupitia Rwanda na Burundi, yakaitwaa Kigoma mwishoni mwa Julai na Tabora Septemba 19. Wabelgiji walibaki kuitawala Buha hadi mwaka 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza.

Vita hiyo iliendeshwa kwa macho na masikio ya wenyeji. Wao ndio waliojua vivuko vya mito, visima na njia za mkato. Kila jeshi liliwahitaji kama wapagazi, waongoza njia na wapelelezi.

Hata hivyo, msomaji anayetafuta vitabuni habari za ujasusi wa vita hiyo, jina analokutana nalo mapema si la Muha, Mnyamwezi wala Mdigo. Ni la Kanali Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza aliyefariki dunia mwaka 1967. Maisha yake ni funzo kubwa kwa yeyote anayesoma au kuandika historia ya ujasusi.

Alizaliwa London Machi 3, 1878, katika familia tajiri ya wenye benki. Alisoma shule ya Harrow, akajiunga na jeshi mwaka 1899 na kupelekwa India. Mwaka 1902 alihamishiwa Kikosi cha King's African Rifles katika eneo ambalo leo ni Kenya.

Huko alijipatia sifa mbili zisizofanana. Ya kwanza ilikuwa ya elimu ya viumbe: nguruwe mkubwa wa msituni, ambaye hakuwa akijulikana kwa wanasayansi wa Ulaya, alipewa jina lake mwaka 1904. Ya pili ilikuwa ya damu.

Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa takriban miaka kumi, wakiongozwa na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao. Oktoba 19, 1905, Koitalel alikwenda kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Hakurudi. Yeye na baadhi ya watu wake waliuawa papo hapo, na upinzani wa Wanandi ukavunjika.

Meinertzhagen alieleza kuwa alikuwa akijihami dhidi ya shambulio la kuvizia. Wanandi wamekumbuka tukio hilo kama usaliti, na baadhi ya maofisa wa Kiingereza nao hawakuridhika. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwondolea lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki.

Alirejea vita ilipoanza, akiwa ofisa wa ujasusi wa jeshi lililotoka India kuishambulia Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914. Waingereza walikuwa na askari wapatao 8,000. Paul von Lettow-Vorbeck aliwashinda akiwa na askari wapatao 1,000 tu, na Waingereza wakarudi melini wakiacha silaha nyingi nyuma.

Mwaka 1915 na 1916 aliongoza ujasusi wa Waingereza akiwa na makao yake Nairobi. Alisimulia kuwa alikuwa na mtandao mpana wa wapelelezi Waafrika nyuma ya mistari ya Wajerumani. Miongoni mwa kazi zao, kwa maelezo yake, ilikuwa kuokota karatasi zilizotupwa katika vyoo vya maofisa wa adui, kisha kuzisafisha na kuzisoma. Ilikuwa kazi ya hatari, kwani mpelelezi aliyekamatwa hakutarajia huruma.

Mwishoni mwa 1916 aliondoka kwa sababu ya maradhi, akapelekwa Misri na Palestina. Huko ndiko lilikotokea tukio lililomjengea umaarufu mkubwa zaidi. Oktoba 1917, mkoba wenye nyaraka za uongo uliachwa jangwani ili Waturuki wauokote na waamini kuwa shambulio lingefanywa Gaza. Waingereza walishambulia Beersheba na kuutwaa mji huo Oktoba 31.

Meinertzhagen alidai kuwa mpango huo ulikuwa wake, na kuwa ni yeye aliyeuangusha mkoba huku akifukuzwa kwa farasi. Kwa miongo mingi vitabu vya ujasusi vilikitumia kisa hicho kama mfano bora wa kumhadaa adui.

Umaarufu huo ulitokana hasa na uchapishaji. Shajara yake ya Kenya ilitoka mwaka 1957, ya Mashariki ya Kati mwaka 1959 na ya jeshi mwaka 1960. Wakati huo nyaraka za Serikali ya Uingereza zilifungwa kwa miaka 50. Mwanahistoria aliyetaka kulinganisha maneno ya kanali na taarifa za wakati wa vita hakuwa na pa kwenda. Shajara ikawa shahidi pekee, na waandishi wakawa wananakiliana.

Taaluma yenyewe ya ujasusi ilikuwa bado changa. Jarida la kitaaluma la Intelligence and National Security lilianzishwa mwaka 1986 tu. Kwa majarida ya namna hiyo, makala hupelekwa kwanza kwa wataalamu wengine kuhakikiwa kabla ya kuchapwa, na mwandishi hutakiwa kuonyesha alikopata kila jambo. Meinertzhagen hakuwahi kupita katika chekeche hilo.

Ajabu ni kwamba waliofungua njia ya kumfichua walikuwa wataalamu wa ndege. Mwaka 1993 Alan Knox alionyesha kuwa baadhi ya ndege katika mkusanyiko wake waliibwa kutoka makumbusho na kubandikwa maelezo mapya. Uchunguzi wa Pamela Rasmussen na wenzake ukathibitisha udanganyifu mwingi zaidi. Kwa sababu ya maelezo yake ya uongo, bundi mmoja wa India alitafutwa mahali pasipostahili, hadi alipoonekana tena mwaka 1997.

Zikafuata shajara. Mwaka 1995 J. N. Lockman alionyesha kuwa yaliyoandikwa humo kuhusu T. E. Lawrence yalitungwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 Brian Garfield alichapisha kitabu kizima cha kupima madai yake kwa nyaraka. Alihitimisha kuwa wazo la mkoba lilikuwa la ofisa mwingine, Belgrave, na aliyeuangusha alikuwa Arthur Neate.

Si kwamba yote aliyoandika ni uongo. Alikuwa Tanga, alikuwa Nairobi, na Koitalel aliuawa kweli. Ugumu ni kwamba msomaji hawezi tena kuliamini jambo lolote kwa kauli yake peke yake. Anahitaji shahidi wa pili.

Kwa Wanandi, shahidi huyo alikuwapo siku zote. Waliitunza habari ya Koitalel kwa midomo, na mwaka 2006 fimbo zake tatu za uongozi zilirejeshwa Kenya kutoka Uingereza, zikithibitisha kuwa hawakusahau wala hawakubuni.

Kwa wapelelezi na wapagazi wa upande huu wa Tanganyika, shahidi wa pili bado anatafutwa. Waliotumwa kwenye vyoo vya Wajerumani hawakuchapisha shajara, na aliyewaandikia ni mtu ambaye neno lake sasa lina doa. Nyaraka za Kijerumani zilizobaki nchini ziko Dar es Salaam, za Wabelgiji ziko Brussels.

Katika nyanda za Kibondo na Kasulu, wajukuu wa watu wa kizazi cha 1916 ni wazee sasa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kuandika makala ya kitaaluma kuhusu ujasusi wa vita ile anayo mahali pa kuanzia, ingawa muda alionao si mrefu.