Ronald Ngala na Majimbo Yaliyokosa Mtetezi

Makomredi, wengi wetu tunamjua Ronald Ngala kama barabara yenye msongamano wa matatu katikati ya Nairobi. Kumbe mwenyewe aliongoza upande mmoja wa mabishano yaliyoizaa Kenya.

Alikuwa Mgiriama wa Kilifi, mwalimu aliyesomea Makerere. Mwaka 1960 vilizaliwa vyama viwili. KANU ilibebwa zaidi na Wakikuyu na Wajaluo. KADU, chini ya Ngala, iliwakusanya Wamijikenda, Wakalenjin, Wamaasai na baadhi ya Waluhya. Ugomvi ulikuwa huu: mkoloni akiondoka, ardhi na polisi vitakuwa mikononi mwa nani? KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU ilitaka majimbo, maana jamii ndogo ziliogopa kumezwa.

KANU ilishinda uchaguzi wa 1961, ila ikagoma kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe. Ngala akaiunda yeye, akisaidiwa na chama cha Michael Blundell. Hapo wapinzani wakamwona kibaraka wa wazungu.

Mwaka 1962 pande zote zilikutana Lancaster House, London. Baada ya wiki kadhaa za kuvutana, zikakubaliana: serikali ya mseto, mabaraza ya majimbo, na Seneti. Lakini KANU ilikubali ili uhuru usicheleweshwe, ikitarajia kuibadilisha katiba baadaye. Na ndivyo ilivyokuwa. Iliposhinda uchaguzi wa Mei 1963, majimbo yakabaniwa fedha na mamlaka, na wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja. Novemba 1964 Ngala akasimama bungeni na kuivunja KADU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakazikwa. Baadaye Ngala alikuwa waziri, hadi alipofariki Desemba 1972 kufuatia ajali ya gari.

Je, aliwasaliti wafuasi wake? Mimi naona alibaki na karatasi iliyosainiwa, bila nguvu ya kuilinda. Ila kuhama kwake hakukuondoa hofu ya watu wa Pwani na Bonde la Ufa. Ilibidi tungoje hadi katiba ya 2010 ndipo Seneti irudi, pamoja na kaunti 47. Kwa hiyo tukiona vyama vikisaini maafikiano leo, tusiulize tu nani amesaini. Tuulize pia nani atayatekeleza, na kwa pesa zipi.