Afisa Aliyeomba Kurudishwa Kazini

Wasomaji wetu wengi walijua jina la Charles de Foucauld, padre aliyeuawa katika jangwa la Sahara tarehe 1 Desemba 1916, ambaye Papa Fransisko alimtangaza Mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Ni wachache wajuao ya kuwa kabla ya hayo yote alikuwa afisa wa jeshi, tena afisa aliyeondolewa kazini kwa aibu.

Alizaliwa mjini Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1858, katika ukoo wa makabaila. Kabla hajatimiza miaka sita alikuwa amefiwa na baba na mama, akalelewa na babu yake, kanali mstaafu. Ujanani imani ikamtoka. Mwaka 1876 akaingia chuo cha maafisa cha Saint-Cyr, kisha chuo cha askari wa farasi cha Saumur, ambako alimaliza wa mwisho kati ya wanafunzi 87. Babu alipofariki mwaka 1878 alimwachia mali nyingi, naye akaitapanya kwa karamu na anasa.

Mwaka 1880 kikosi chake kilipelekwa Algeria. Charles akamchukua mwanamke asiyefunga naye ndoa, akamfikisha huko kana kwamba ni mke wake. Wakuu walimwamuru amrudishe kwao. Yeye akakataa katakata. Basi mwezi Machi 1881, akiwa na umri wa miaka 22, akaondolewa katika utumishi kwa utovu wa nidhamu na mwenendo wa kashfa. Akaenda zake Evian, Ufaransa, kustarehe.

Haikupita miezi mingi, akapata habari kwamba wenzake wamo vitani kusini mwa Oran, ambako Shehe Bou Amama aliwaongoza watu wake kuupinga utawala wa Wafaransa. Vita ile ilikuwa ya kulinda ukoloni, nasi hatuisifu. Lakini lililotokea moyoni mwa kijana yule lastahili kuangaliwa. Hakuweza kula na kunywa huku rafiki zake wakikabili mauti. Akaachana na yule mwanamke, akapeleka maombi kwa wakuu wa jeshi arudishwe kazini.

Wakuu walikuwa na kila sababu ya kukataa. Hati zake zilijaa adhabu, na wa kumlaumu hakuwapo ila yeye mwenyewe. Hata hivyo walimkubalia, na mwezi Juni 1881 akajiunga na kikosi cha 4 cha askari wa farasi wa Afrika. Kwa miezi kama minane yule mvivu wa jana alistahimili kiu, jua na uchovu pamoja na askari wake, akawajali, nao wakampenda. Wenzake walistaajabu kumwona amekuwa mtu mwingine.

Jeshi halikumpata kwa muda mrefu. Mwaka 1882 aliomba ruhusa ya kusafiri, akanyimwa, akajiuzulu. Akaipeleleza Moroko mwaka 1883 na 1884, na kwa kazi hiyo Chama cha Jiografia cha Paris kikamtunukia nishani ya dhahabu. Huko aliwaona Waislamu wakisali bila haya, na sala yao ikamsumbua moyo. Mwezi Oktoba 1886 akaungama kwa Padre Huvelin mjini Paris. Akapewa upadre mwaka 1901, na tangu mwaka 1905 akakaa Tamanrasset kati ya Watuareg, akiandika kamusi ya lugha yao na kufungua mlango wake kwa kila mgeni.

Hatusemi kwamba adhabu ya mwaka 1881 ilikuwa mbaya. Ilikuwa ya haki, na bila hiyo pengine asingezinduka. Lakini adhabu peke yake ingemwacha pale Evian, mtu tajiri asiye na kazi wala heshima. Alihitaji pia mkuu wa kusoma ombi lake na kumpa jukumu zito kuliko lile alilolipuuza.

Katika nyumba zetu, mashule yetu na maofisi yetu wamo vijana walioharibu kazi na kufukuzwa. Mmoja wao arudipo mlangoni akiomba kazi, hata iliyo ngumu, tusimjibu kwa kumsomea makosa yake ya zamani tu. Waliompokea Charles de Foucauld hawakujua wanampokea nani.