Imam Nawawi na Somo la Sheria

Itajwapo elimu ya sheria katika dunia ya kale, wasomi wetu hukimbilia Roma, au chuo cha Beirut ambako, katika enzi ya Mfalme Justinian, mwanafunzi alisoma kwa miaka 5. Si kosa. Hata hivyo, katika darsa za Garissa na Wajir hungali husomwa kitabu kilichoandikwa si mbali na Beirut: Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi. Mwalimu husoma Kiarabu, kisha akafasiri kwa Kisomali. Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria. Lakini maisha ya mwandishi huyu yanamhusu kila mwalimu.

Nawawi alizaliwa mwaka 1233 katika kijiji cha Nawa, kusini mwa Damascus, mwana wa mwenye duka. Alipokaribia umri wa miaka 19 alipelekwa Damascus. Huko, yasemekana, alihudhuria masomo 12 kwa siku, yakiwamo fiqhi, hadithi na nahau. Mwaka 1267 alikabidhiwa Dar al-Hadith al-Ashrafiyya. Minhaj aliifupisha kutokana na kitabu cha Imam Rafii, ili mwanafunzi aweze kuihifadhi.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Inasimuliwa kwamba Sultani Baybars aliwataka wanazuoni waidhinishe kwa fatwa kutozwa raia mali kwa ajili ya vita. Wengi waliridhia. Nawawi alikataa, akashikilia kwamba ianze kutolewa dhahabu ya watumwa na wajakazi wa kasri. Ikambidi aondoke Damascus. Alifariki Nawa mwaka 1277, akiwa na miaka 44, bila mke wala utajiri.

Kitabu chake kilienea mbali. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1914, iliyotokana na ya Kifaransa, iliwafikia majaji wa kikoloni. Hivyo vifungu vya ndoa, talaka na mirathi vilivuka lugha tatu. Mfano wa mwandishi haukuvuka navyo.

Hapo ndipo penye kasoro yetu. Darsani na chuo kikuu tunapima kumbukumbu ya vifungu, tukasahau kwamba kadhi, hakimu au wakili ataletewa siku moja karatasi ya dhuluma atie saini. Vifungu pekee havitamzuia mkono. Walimu wenzangu, tufundishapo kitabu, tumfundishe na aliyekiandika.