PIERRE CURIE NA CHOMBO CHA KUPIMIA

Anayenunua kahawa kwa magunia anatumia mizani, na anayenunua dhahabu naye anatumia mizani. Lakini mizani ya gunia haiwezi kuona punje ya dhahabu. Si kwamba ni mbovu, ila kazi si yake. Pierre Curie alilijua jambo hilo vizuri.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, daktari, aliona kwamba mtoto huyu anafikiri polepole na hawezi kurukaruka toka somo hili kwenda lile. Basi hakumpeleka shuleni, alifundishwa nyumbani. Wengine wangemwita mzito. Lakini alipofika miaka 18 alikuwa amekwisha kupata lisansi ya fizikia!

Wakati ule watu walijua kwamba jiwe la turmalini likipashwa joto linatoa umeme kidogo. Pierre na kaka yake Jacques wakajiuliza: na tukilikandamiza, je? Mwaka 1880 wakaona kwamba umeme unatoka. Walijaribu kuartzi, hata sukari ya miwa. Kisha wakatengeneza chombo cha kuartzi cha kupimia umeme mdogo sana.

Mwaka 1895 Pierre alimwoa Marie Sklodowska. Bibi yake alitaka kupima miali ya urani, na umeme wake ulikuwa hafifu mno. Chombo gani kingefaa? Kile cha kuartzi. Kwa njia hiyo, ndani ya chumba kilichokuwa baridi na unyevu, walipata poloni na radi mwaka 1898. Mwaka 1903 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, Pierre alikanyagwa na gari la farasi mjini Paris, akafa. Alikuwa na miaka 46. Mwaka 1921 jiwe moja la urani kutoka Shinkolobwe, kule Katanga kwetu, liliitwa kuriti kwa jina la Curie.

Sasa, lazeri ilianza mwaka 1960, yeye hakuiona. Lakini tazama: lazeri nyingine hutoa mwanga kwa mapigo mafupi mno, na madaktari wa macho huitumia. Pigo likizidi, jicho linaumia. Likipungua, kazi haifanyiki. Lazima kupima nishati ya kila pigo, kwa juli. Chombo kinachokusanya joto polepole kitakupa wastani wa mapigo mengi, maana hakiwezi kuyafuata moja moja. Kile cha silikoni kinafaa kwa mapigo madogo. Yakiwa makubwa kinashiba, kinadanganya. Lakini jiwe la jamaa ya turmalini hujibu joto linapobadilika tu: mwanga ukiwa wa daima linanyamaza, pigo likija linasema. Ndilo huchaguliwa mara nyingi.

Hata hapo, uliza kwanza: pigo lina nishati kiasi gani? Ni la muda gani? Ni mangapi kwa sekunde? Mwanga ni wa rangi gani, na umekusanyika mahali padogo namna gani, usije ukaunguza uso wa chombo?

Basi, ndugu yangu, ukiingia katika chumba cha majaribio usikimbilie chombo kilicho karibu na mkono. Jiulize kwanza unapima nini. Curie alikuwa mtu wa polepole, na mwendo huo ulimfikisha mbali.