Maisha ya Malkia Nzinga wa Ndongo

Wandugu wanafunzi, wengi wetu tumekwisha kuona ile picha mu vitabu vya historia: mwanamke wa kifalme ameikaa juu ya mgongo wa mtumishi wake, mbele ya gavana Mreno aliyeikaa kwenye kiti. Yule mwanamke ni Nzinga, wengine wanaandika Njinga. Inchi yake inapakana na yetu: ni Angola.

Nzinga alizaliwa karibu na mwaka 1582, mtoto wa mfalme wa Ndongo. Siku zile Wareno walikuwa Luanda, wakitafuta watumwa wa kupeleka Brazili. Walipigana na Ndongo, wakajenga boma ndani ya inchi. Mwaka 1622 kaka yake, mfalme Ngola Mbande, alimtuma Luanda kutafuta amani. Gavana alimtandikia mkeka tu chini. Nzinga akakatala. Mtumishi wake mmoja, mwanamke, akainama, naye akaikaa juu ya mgongo wake, macho kwa macho na gavana. Aliombwa kodi, akakatala tena, sababu Ndongo haikuwa imeshindwa. Kiisha akabatizwa, jina lake Ana de Sousa. Lakini Wareno hawakutimiza ahadi zao.

Mwaka 1624 kaka yake alikufa, Nzinga akashika utawala. Aliita watumwa waliotoroka na askari weusi wa Wareno waje kwake, na wengi wakaja. Wareno wakamfukuza, wakaweka mfalme mwingine. Yeye hakuchoka. Akashika inchi ya Matamba, akaongoza vita yeye mwenyewe. Dada zake wawili, Kambu na Funji, walisimama pamoja naye. Waholandi walipokamata Luanda mwaka 1641, akapatana nao. Mwaka 1648 Waholandi wakafukuzwa, naye akabaki peke yake, akaendelea.

Wareno walimuua Funji, na Kambu wakamfunga miaka mingi. Mwaka 1656 Nzinga alifanya mapatano nao, dada yake akarudi. Lakini tuseme ukweli wote: kwa kumkomboa alitoa watumwa zaidi ya 100. Hata mbele ya pale alikuwa akiuza wafungwa wa vita. Alikufa tarehe 17 Desemba 1663, mwenye miaka 80 hivi, na Matamba ilikuwa haijatawaliwa na Wareno.

Ile picha inatoka kwa Cavazzi, padri Mwitalia aliyekaa kwake mu uzee wake. Siku ya Luanda yeye hakuwako. Alifika Angola mwaka 1654. Alichora mambo aliyosimuliwa. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1687.

Sisi tunapenda kumtazama malkia, na ni haki yake: hakukubali kuikaa chini ya mgeni mu inchi yake. Lakini tutazame na chini ya picha. Inasimuliwa kwamba mazungumzo yalipokwisha, Nzinga aliondoka, akamwacha yule mtumishi pale pale sawasawa kiti. Jina lake hakuna aliyeliandika. Bila mgongo wake, ile siku malkia angeikaa mkekani.

Wandugu, kesho wengine kati yetu watakuwa wakubwa wa inchi. Hata leo kapita wa darasa anaikaa juu ya kazi ya wengine: wanaoteka maji, wanaofagia. Tujifunze kwa Nzinga kutoinama mbele ya mwonevu. Na tukiisha kusimama, tugeuke, tumwinue yule aliyeinama.